Magazeti ya Ghorofa ya Tisa

Darasani tulifundishwa kwamba mnara una mwili:
unyayo wa kukanyagia mtaa,
kiwiliwili kirefu kisicho na maneno mengi,
na kilemba, ili mawingu yajue nani kasimama.
Nikaandika yote. Nikapata alama ya juu.
Hakuna aliyeuliza mwili huo
hutokwa jasho upande gani.

Kisha chama cha akiba cha wauguzi, Kisumu,
kikanipa kiwanja nyuma ya soko la Jubilee,
hatua arobaini kwa hamsini na tano,
udongo mweusi unaovimba kwa masika
na kupasuka Januari kama kisigino.
Mhandisi Wesonga alitoboa mita kumi na nne
kabla ya kugonga kitu kinachojibu.

"Kioo," alisema mwenyekiti, Bwana Odemba,
"kioo chini hadi juu, kitazame ziwa.
Wanachama waione pesa yao ikimeremeta
tangu kilima cha Riat."
Sikumcheka. Kumeremeta nako ni kazi.
Muuguzi wa Ahero aliyekatwa mshahara miaka kumi na tisa
anastahili kitu cha kunyooshea kidole.

Lakini ziwa liko magharibi.
Na jua la hapa halina kwao:
Juni labisha kaskazini, Desemba kusini,
na kila siku ya Mungu, saa tisa alasiri,
laingia kwa mlango wa ziwani bila hodi.
Wahenga walituonya juu ya ufa.
Juu ya kioo walinyamaza.

Nikaenda saa hiyohiyo kwenye ofisi yao ya zamani.
Ghorofa ya tatu, Peres Akeyo, karani wa faili,
ameketi ndani ya vivuli vya herufi.
Dirisha zima kalibandika magazeti
kwa uji wa unga wa muhogo.
Ya juu, ya mwaka jana, yamegeuka rangi ya chai.
Ya chini ni ya juzi: bei ya miwa, matokeo ya mitihani,
tanzia moja, marehemu anatabasamu
huku nuru ikimtoboa paji la uso.
"Hili la kati," akaligusa kwa ukucha, "kila mwezi nabadilisha.
Linaungua."
Na ziwa je? nikauliza.
"Ziwa nalijua kwa pua."

Usiku ule nilifuta.
Nikachora mbavu za zege, wima,
kina cha dhiraa moja na shibiri,
zimegeuza bega kidogo, kama mtu
anayepishana na mlevi kwenye ujia.
Nyuma ya mbavu, tofali zenye matundu
zipokee upepo wa alasiri,
na wavu, kwa ajili ya wale wadudu wa ziwani
wanaokuja kama moshi kuzika taa.
Kwa mara ya kwanza ramani ilikuwa na ngozi.

Kamati ilikaa Alhamisi.
Mkadiriaji alileta kalamu nyekundu, soda zikaletwa,
mbavu zikaishia ghorofa ya nane.
Juu yake, kioo, kwa heshima ya mwenyekiti.
Kilemba nilichosomea, nikakipata hivyo.
Nilitia sahihi. Niandike wazi: mimi, Adongo,
kwa wino wangu, kabla soda haijaisha.

Juzi nimepita.
Ghorofa nane za chini zimetulia kivulini,
madirisha wazi, pazia moja likipumua.
Za juu zinameremeta; ni kweli, tangu Riat.
Faili, nimesikia, zilipelekwa ya tisa.
Na pale, dirisha la nne kutoka pembeni,
mraba wa njano.
Jana ilikuwa miraba miwili.

Nikasimama baina ya kinyozi na mng'arisha viatu,
shingo nyuma, mkono usoni kuzuia jua,
nikijaribu kusoma.
Ni mbali mno.
Naona tu kwamba ni maandishi,
na kwamba yananihusu.